Mji wa Oxford na Chuo cha Minaki

Katika siku hizi za yubile kila mtu huuliza habari za mwanzo: Injili ilifikaje kwetu, ni nani walioileta, na shule zetu asili yake ni nini. Wengi hujibu, "Zilitoka Ulaya." Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno, kwani Ulaya ni kubwa. Basi napenda kuwaonyesha mji mmoja wa Uingereza, jina lake Oxford, na kuifuata njia iliyotoka huko hata ikafika Minaki katika Kisarawe, kwa majirani zetu sisi tukaao Maili Moja.

Maana ya jina Oxford ni kivuko cha maksai. Hapo kale watu waliswaga ng'ombe wao mahali ambapo maji ya mto Thames yalikuwa machache, na mji ukakua penye kivuko hicho. Tangu mwaka 1096 walikuwapo waalimu waliofundisha mjini humo. Mwaka 1167 mfalme Henry wa Pili aliwakataza Waingereza kwenda kusoma Paris, na kwa sababu hiyo wanafunzi wakazidi kuwa wengi Oxford. Hawakuanza na majumba makubwa. Mwalimu alipanga chumba, akakusanya wanafunzi wake, akawafundisha kwa Kilatini. Baadaye watu wenye mali walitoa mashamba na fedha, zikajengwa nyumba ambamo waalimu na wanafunzi walikaa pamoja, wakisali pamoja na kula meza moja. Nyumba iitwayo Merton ilipata sheria zake mwaka 1264.

Wala msidhani kwamba watu wale walikuwa watakatifu wote. Mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa, na mwanafunzi akashukiwa. Mwenyewe alitoroka, na watu wa mji wakawanyonga wenzake. Waalimu na wanafunzi wengi wakakimbia kwa hofu, na baadhi yao wakafika mji wa Cambridge, wakaanza chuo huko. Tena tarehe 10 Februari 1355 ulizuka ugomvi katika nyumba ya mvinyo, nao ukageuka kuwa vita kati ya wenye mji na wanachuo. Wanachuo zaidi ya 60 waliuawa. Mji ukaamriwa kufanya toba kila mwaka, na desturi hiyo ilidumu hata mwaka 1825. Nasimulia hayo ili waalimu wasivunjike moyo waonapo matata katika shule ndogo. Chuo kile kilipita katika damu na aibu, na hakikufa.

Sasa na tuje kwetu. Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari David Livingstone alisimama mbele ya wanachuo wa Cambridge, akawaeleza habari za Afrika na biashara ya watumwa, akawasihi wasiiache kazi aliyoianza. Maneno yake yaliwachoma. Watu wa Oxford na Cambridge wakaungana kuanzisha misioni, kisha Durham na Dublin wakaingia. Ndiyo misioni ya vyuo vikuu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la UMCA.

Mwanzo wake ulikuwa wa machozi. Askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, mwanachuo wa Cambridge, aliwekwa wakfu tarehe 1 Januari 1861, akaenda pande za mto Shire. Huko yeye na wenzake waliwafungua watumwa, hata wakashika bunduki kupigana na watekaji, jambo ambalo wengi Uingereza waliwalaumu. Tarehe 31 Januari 1862 alikufa kwa homa. Aliyemfuata, Askofu Tozer wa Oxford, aliihamisha misioni Unguja mwaka 1864, pamoja na Padre Edward Steere.

Na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa nani? Hawakuwa wana wa wafalme. Walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wasio na baba wala mama wa kuwaita. Katika hao alitoka John Swedi, aliyefanywa shemasi mwaka 1879. Katika shule ya Kiungani alitoka pia Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza katika Waafrika wa misioni hiyo. Yaani mtoto aliyekuwa na bei sokoni alisimama altareni.

Steere alijifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja, akaandika kitabu cha lugha hii mwaka 1870, akafasiri Agano Jipya. Basi hapo mwenye elimu ya Ulaya alikuwa mwanafunzi, na Waswahili ndio waliokuwa waalimu wake. Tusilisahau jambo hilo tunapowashukuru wageni.

Kiungani ilikuwa na mkuu mmoja mashuhuri, Frank Weston wa Oxford, ambaye mwaka 1908 alikuwa Askofu wa Unguja. Mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuishutumu serikali ya taifa lake mwenyewe kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Elimu yake haikumfunga kinywa. Alikufa mwaka 1924, na katika miaka hiyo ya 1920 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama kutoka Kiungani kuja Minaki. Humo walisomeshwa waalimu waliokwenda pande nyingi za nchi. Leo Minaki ni shule ya serikali, ambamo husoma watoto wa dini zote.

Neno langu la mwisho ni hili. Barua na daftari nyingi za misioni ile zimetunzwa Oxford, katika nyumba ya vitabu ya Bodley iliyofunguliwa mwaka 1602. Mtu akitaka kujua habari za babu zetu, huko hupata karatasi zake. Lakini mimi nimefunua kabati la kanisa moja nikakuta daftari la ubatizo limeliwa na mchwa, majina ya wazee yamekuwa vumbi. Nilifunga kabati lile kwa huzuni nyingi. Itakuwaje wajukuu wetu wavuke bahari kwenda kuuliza majina ya babu zao?

Oxford haikupata heshima kwa mawe ya majumba yake tu, bali kwa kuandika, kutunza na kupokezana. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, sanduku lisiloingia mchwa, na mwalimu mmoja katika kila mtaa atakayeketi na wazee kabla hawajalala, aandike wasemayo. Tukianza mwaka huu wa yubile, wenye kusherehekea yubile ijayo watatukuta.