Neno "Prosesa" na Viini Visivyolingana

Katika istilahi zetu za kompyuta, prosesa imezoeleka kuwa kitu kimoja chenye uwezo mmoja. Maana hiyo ilitosha mwaka 2007, kitafsiri cha GCC (kitafsiri ni programu igeuzayo maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine) kilipopewa chaguo la kuiuliza mashine yenyewe inazifahamu amri zipi. Mwaka 2011 kampuni ya ARM ilitangaza mpango wa kuchanganya viini vikubwa na vidogo. Tangu hapo jibu laweza kutegemea kiini kilichoulizwa.

Hasara yake ilidhihirika mwaka 2016 katika Exynos 8890 ya Samsung. Mistari ya kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ilikuwa ya baiti 128 katika viini vikubwa na 64 katika vidogo. Mono, ambayo hutafsiri programu huku ikiiendesha, ilitumia utaratibu wa GCC uliouliza kipimo hicho mara moja tu na kukihifadhi. Jibu likiwa 128, kisha kazi ikahamia kiini kidogo, mstari mmoja katika kila miwili haukusafishwa; amri za zamani zikatekelezwa, na programu zikakatika ghafla. Dawa ilikuwa kushika kipimo kidogo kuliko vyote.

Mwaka 2021 Intel nayo, katika Alder Lake, iliamua kuzizima amri za AVX-512, kwa kuwa viini vidogo havikuwa nazo.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili: "uwezo wa kiini" na "uwezo wa pamoja". "Uwezo wa prosesa", bila kubainishwa, tungependa uondolewe katika fasili.