Faili ya PDF ya Kichina isiyotafutika

Wanaoagiza mashine na vipuri kutoka Guangzhou watakuwa washakutana na jambo hili. Unaletewa kitabu cha maelezo kwa PDF, kurasa mia mbili, Kichina kitupu. Kwenye skrini herufi zimetulia. Ukitafuta neno, unaambiwa halipo. Ukinakili sentensi uipeleke kwenye programu ya tafsiri, vinatoka vijisanduku. Nikiletewa faili kama hiyo, mwenyewe huwa ashaamini kuwa imeharibika. Haijaharibika.

PDF ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile kila mahali. Mara nyingi ndani yake hamna herufi, muna namba za maumbo yaliyomo katika fonti. Kichina kina maelfu ya herufi, kiwango cha GB2312 cha 1980 peke yake kina 6,763, kwa hivyo hutiwa yale maumbo yaliyotumika tu, huenda kwa namba mpya. Jedwali liitwalo ToUnicode ndilo lenye kueleza kuwa umbo fulani ni 水, yaani maji. Likikosekana, kuchora kunawezekana, kutafuta hakuwezekani.

Pima kwanza kwa pdffonts, programu ya bure. Fonti ya Kichina ikiandikwa "no" chini ya safu ya "uni", anza kushuku hapo.

Dawa ninayoiamini ni OCRmyPDF ikisaidiwa na Tesseract, zote za bure. Ukurasa hugeuzwa picha, husomwa upya, kisha huongezewa maandishi yasiyoonekana. Lazima uiamrishe kwa --force-ocr, la sivyo itaona tayari pana maandishi na itakataa kazi. Kwa Kichina cha China bara chagua chi_sim. Cha Taiwan na Hong Kong, chi_tra. Faili ya asili usiifute.

Kuna tatizo jengine la kuudhi zaidi: jedwali lipo, lakini limeelekeza kwenye herufi pacha. 金 ya kawaida na ⾦ ya orodha ya viasili vya Kangxi kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ni mbili. Hapo huhitaji kusoma picha. Toa maandishi na uyasawazishe kwa kanuni ya Unicode iitwayo NFKC.

Usomaji wa picha nao hukosea. 未 ni "bado", 末 ni "mwisho", na tofauti ni urefu wa mistari miwili tu. Ukishalipata neno, maonyo na vipimo vya volti visome kwenye ukurasa wenyewe, pamoja na mtu ajuaye Kichina, kabla ya kuwasha mashine.