Taa Ndani ya Jina la Mungu huko Korea

Anayepeleka dini kwa watu hulazimika kwanza kupata neno la kumtaja Mungu. Twataka kuonyesha namna shauri hili lilivyokatwa Korea, kwa kuchungua herufi moja tu ya Kichina: 主. Wakorea huisoma ju, maana yake bwana.

Hapo kale herufi hiyo ilikuwa picha. Xu Shen, aliyemaliza kamusi yake mwaka 100 baada ya Kristu, asema ni moto wa taa: kitone cha juu ni ulimi wa moto, mistari ya chini ni kinara. Taa imegeukaje bwana? Duan Yucai, aliyeifafanua kamusi hiyo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1815, ajibu: moto huo ni mdogo, walakini waangaza chumba kizima.

Wayezuiti waliofika China katika karne ya 16 waliitumia pamoja na tian, yaani mbingu, katika neno Tianzhu, Bwana wa Mbingu. Matteo Ricci aliliweka katika jina la kitabu chake cha mwaka 1603. Wengine walitumia pia Tian peke yake, au Shangdi, Mfalme wa Juu. Ugomvi ukawa mrefu. Mwaka 1715 Papa Klementi XI aliyakataza hayo mawili, akaliacha Tianzhu.

Kitabu cha Ricci kilifika Korea kabla ya padri yeyote kuja kulihudumia kanisa la huko, na wasomi wakalitamka neno lile Cheonju. Mwaka 1784 Yi Seung-hun alibatizwa Beijing, akarudi kuwabatiza wenzake. Padri wa kwanza wa kulihudumia kanisa hilo, Mchina Zhou Wenmo, aliingia mwishoni mwa 1794.

Lakini watu wadogo hawakujua herufi za Kichina. Kwa ajili yao Jeong Yak-jong, mlei, aliandika katekisimu kwa hanguli, herufi za Wakorea wenyewe zilizotangazwa mwaka 1446. Aliiita Jugyo Yoji. Ju ileile ndiyo inayotangulia. Mwaka 1801 serikali iliwaua wote watatu. Papa Fransisko aliwatangaza Jeong na Zhou wenye heri mwaka 2014.

Siku hizi Wakatoliki wa Korea husali kwa neno la kwao, Haneunim. Walakini dini yao yaitwa bado Cheonjugyo, dini ya Bwana wa Mbingu.

Basi tufahamu: neno liliazimwa, likapimwa, mwishoni likafafanuliwa kwa maskini. Kazi hii ya mwisho ilifanywa na mlei mwenye kufundisha, naye aliilipia kwa damu yake. Katekista asiihesabu kuwa ndogo.