Chaguo-msingi: nani aliyechagua?

Programu za Kiswahili huuita mpangilio unaokuja na kompyuta “chaguo-msingi”. Neno hili linapotosha, maana chaguo hutokana na kuchagua, na mtumiaji hakuchagua lolote. Windows, kwa mfano, huficha herufi za mwishoni mwa jina la faili zinazotambulisha aina yake. Mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilipenya hapo hapo: faili lake liliishia .TXT.vbs, lakini wengi waliona .TXT tu, wakalidhani maandishi, wakalifungua. Itasemwa kwamba mgeni wa kompyuta hawezi kupanga kila kitu mwenyewe. Kweli, lazima pawe na pa kuanzia. Lakini anayeambiwa amekwisha kuchagua hatafuti pa kubadilisha. Wafasiri, tuandikieni “mpangilio wa awali”.