Shule Mbili za Bujumbura

Tunapozungumzia Kiswahili nchini Burundi, wengi wetu huanzia mwaka 2007, nchi hiyo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miaka hiyo hiyo lugha yetu ikaingizwa katika shule za msingi. Hapo ni kuanza hadithi katikati. Kiswahili kilikwisha kuwalea watu wa Bujumbura katika elimu na kazi kabla hakijapewa kipindi darasani.

Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, lugha ya askari, karani na mchuuzi aliyetoka Ujiji au Manyema ilikuwa hiyo. Wabelgiji waliotwaa nchi mwaka 1916 waliacha elimu, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa misheni. Ikafundishwa kwa Kirundi na Kifaransa. Shule ya Astrida, iliyofunguliwa mwaka 1929, iliwaandaa wana wa machifu kwa kazi za serikali. Mzazi Mwislamu wa mjini aliyechelea mwanawe asibatizwe hakuwa na mlango mpana wa kupitia.

Basi mtaa wa Buyenzi ukajitegemea. Mtoto alikwenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kisha akapelekwa kwa fundi. Huko alifagia, akashika taa, akapokeza spana, na kwa kuzitaja zana kila siku akajua lugha na kazi kwa pamoja. Ada yake ilikuwa jasho lake. Alipohitimu hakupewa cheti, bali wateja. Hatuoni kwa nini shule ya namna hii isiitwe shule.

Nguvu ya watu hao ilionekana mwaka 1957, Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara. Ushirika wenyewe haukudumu, lakini mitaa ya Waswahili ilibaki nguzo ya chama chake cha UPRONA, kilichoshinda uchaguzi wa Septemba 1961, majuma machache kabla hajauawa tarehe 13 Oktoba.

Kizazi kingine kilipata msukosuko wa aina nyingine. Waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwalea watoto wao Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nchini Tanzania, na watoto hao wakasoma kwa Kiswahili. Waliorejea kuanzia mwaka 2008 walikuta darasa la Kifaransa na ofisi ya Kifaransa. Kijana aliyekuwa na cheti cha darasa la saba mkononi akahesabiwa kama asiyesoma, na huku, ajabu iliyoje, shule za msingi zinatafuta walimu wa lugha ile ile aliyoisomea.

Nasi walimu hatuna budi kujiangalia. Mwanafunzi wa Buyenzi huleta darasani Kiswahili cha babu yake, chenye sauti ya Kongo na ya Kirundi. Mara nyingi sisi hukipiga mstari mwekundu kwa kuwa si sanifu, na mtoto akarudi nyumbani akidhani babu hajui lugha. Kusahihisha insha ni wajibu, ndiyo. Lakini majina ya vyombo, ya mishono ya cherehani, na ya mapatano ya mkopo wa dukani hayamo vitabuni mwetu, na wanaoyajua wanakaa karibu na soko la Ruvumera, mwendo mfupi kutoka darasani. Kumwalika mzee mmoja kwa kila muhula, wanafunzi wakiandika asemayo, hakuhitaji bajeti ya wizara.