Bunduki za Mtumba na Askari Wasio na Majina: Jinsi Umbo la Risasi Lilivyoamua Nani Anapona

Wadau wa stori za kale, leo tunapanda milimani mpaka Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha. Cheki hii: mwanzoni mwa 1916 huku alikuwa anatawala Mjerumani. Katikati ya mwaka huohuo akaingia Mbelgiji kutokea Kongo. Machi 1921 Mbelgiji akamkabidhi Mwingereza. Bendera tatu ndani ya miaka isiyofika sita! Mtoto aliyezaliwa Heru au Muhambwe wakati ule alibadilishiwa serikali mara mbili kabla hajapoteza meno ya utoto.

Vitabu vinataja makamanda. Lettow-Vorbeck upande wa Wajerumani, Tombeur upande wa Wabelgiji. Ila waliotembea kwa miguu na kupigana walikuwa askari weusi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao hakuna anayekumbuka hata jina. Leo tuwaangalie kupitia kitu kidogo sana walichobeba mfukoni: risasi.

Kwanza tuelewane kuhusu risasi

Wengi tunadhani risasi ikitoka kwenye mtutu inakwenda mbele imenyooka kama mstari wa rula. Hapana. Ikitoka tu inaanza kushuka, na hewa inaanza kuirudisha nyuma. Wataalamu wa kulenga shabaha za mbali wana namba yao inaitwa kizigeu cha balistiki. Usiogope jina. Ni namba inayoonyesha risasi inapasua hewa vizuri kiasi gani bila kupoteza kasi. Wanailinganisha na risasi ya mfano yenye uzito wa ratili 1 na upana wa inchi 1, ambayo namba yake ni 1. Risasi ya bunduki ya kawaida inakuwa chini ya hapo. Namba ikiwa kubwa ni nzuri, ikiwa ndogo risasi inachoka mapema.

Hiyo namba inatokana na mambo mawili. La kwanza ni uzito ukilinganisha na upana. Lori lililojaa mahindi likishika kasi kwenye mteremko si rahisi kulisimamisha, tofauti na lori tupu. La pili ni umbo. Umewahi kumwona dereva wa bodaboda barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, upepo ukiwa mkali analala juu ya tenki? Pikipiki ni ileile, mafuta ni yaleyale, ila amepunguza sehemu inayogongana na upepo. Risasi yenye ncha kali ndiyo huyo dereva aliyelala. Risasi butu ni dereva aliyekaa wima huku koti linapepea.

Sasa twende kwenye bunduki za mtumba

Vita vilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari wa Mjerumani hapa kwetu zilikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Yaani bunduki iliyobuniwa zaidi ya miaka 40 nyuma! Jeshi la Ujerumani kule Ulaya lilishaachana nayo zamani, likawa na Mauser ya 1898. Zile kuukuu zikaletwa makoloni, kama nguo za mtumba.

Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, butu, uzito gramu 25, ikitoka kwa kasi ya mita kama 430 kwa sekunde. Ile mpya ya Kijerumani, ya mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na ncha kali, uzito gramu 10 tu, na kasi ya mita kama 880 kwa sekunde. Hapa kuna kitu kitakushangaza. Ukigawanya uzito kwa upana, ile kuukuu ndiyo inashinda. Ilichoshindwa ni umbo, na ikashindwa vibaya zaidi kwenye kasi.

Tupige hesabu kidogo, na hewa tuiweke pembeni. Askari amepanga bunduki yake kwa umbali wa mita 400, lakini adui kumbe yuko mita 450. Kosa la mita 50 tu, na porini nani ana kamba ya kupimia? Risasi kuukuu itapiga karibu sentimita 60 chini ya alipolenga. Ulilenga kifua, umepiga mapaja au majani. Ile mpya itashuka sentimita 14 tu, bado uko mwilini mwa mtu. Ukirudisha hewa kwenye hesabu, zote mbili zinashuka zaidi, na ile butu ndiyo inaumia zaidi. Kwa hiyo yule aliyepewa bunduki mpya alikuwa na ruhusa ya kukosea. Mwenye bunduki ya mtumba hakuwa nayo.

Na bado kuna moshi

Bunduki ya 1871 ilitumia baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja, wingu jeupe linatokea juu ya kichwa chako. Baruti isiyotoa moshi ilikuwepo tangu Wafaransa walipoanza kuitumia kwenye bunduki zao mwaka 1886. Kwa hiyo mwenye bunduki mpya alikupiga akiwa hajulikani alipo, wewe ukijibu unajitangaza mwenyewe: niko hapa, nipige.

Ndiyo maana vita vya Tanga, Novemba 1914, vilikuwa na maana kubwa kwa upande wa Mjerumani. Waingereza waliposhindwa na kurudi melini waliacha bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ikapenya mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki zipatazo 1,800. Risasi zake zililoa maji ya bahari, ikabidi zifunguliwe na kukaushwa. Taratibu mtumba ukaanza kupungua.

Tukirudi Buha

Upande wa Kongo nako hali haikuwa tofauti. Askari wengi wa Force Publique ya Mbelgiji walianza vita na bunduki aina ya Albini, nayo ya milimita 11, inayotiwa risasi moja moja. Yaani mpaka wote wa magharibi, Mwafrika upande huu na Mwafrika upande ule, wote walianza vita na risasi nene ya kizamani. Mabosi walikuwa maadui, lakini kwenye kugawa vitu kuukuu walifanana.

Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao ziwani Tanganyika, hiyohiyo ambayo leo tunaiita Liemba, wakaondoka Kigoma. Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora. Na huku juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Tanga. Risasi inasafiri mbali kidogo zaidi. Askari aliyezoea kulenga pwani, akija milimani risasi yake ya mbali inapita juu kidogo ya alipotarajia.

Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi. Risasi zote hizo zilibebwa kichwani, na risasi ya gramu 25 ni mzigo mara mbili na nusu ya ile ya gramu 10. Hesabu hiyo aliilipa mpagazi kwa shingo yake. Jina la Kariakoo pale Dar linatokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza.

Siku ukipita Posta, mtazame yule Askari wa shaba aliyesimama hapo tangu 1927. Ana bunduki, ana singe, jina hana. Wapo waliosema askari wetu hawakujua kulenga. Kabla hujakubali maneno hayo, uliza kwanza walipewa bunduki gani.

Kama kwenu Kasulu, Kibondo au popote kuna babu aliyeacha stori ya vita hivi, iandike jina lake likiwa juu kabisa. Mengine yatafuata.