Nani Aliweka Roshani Mlalo?

Ukitoka Lushoto kwenda Mlalo, kilomita kama thelathini za kona na miteremko, jambo la kwanza utakaloonyeshwa ni nyumba. Ni nyumba za tofali za udongo, za ghorofa moja, zenye roshani za mbao zilizochongwa, zimeegemea kilima kama watu wanaotazama mpira. Wageni wengi wakiziona hutamka neno moja: Bavaria. Nimeshaisikia hadithi hiyo mara nyingi hata najua inakoishia. Wajerumani walikuja, wakajenga hivi kwao, wenyeji wakaiga. Basi.

Hadithi hiyo inanikera, na hasira yangu si ya uzalendo. Inanikera kwa sababu haijapimwa.

Wamisionari walioanzisha kituo cha Mlalo mwaka 1891, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walikiita Hohenfriedeberg. Jina la Kijerumani kabisa, sawa. Lakini misheni yao ndiyo iliyokuja kujulikana kama misheni ya Bethel, na Bethel iko karibu na Bielefeld, Westphalia, upande wa kaskazini-magharibi. Bavaria yenye milima na roshani za kwenye kadi za posta iko kusini kabisa. Ni sawa na kuona mtumbwi Mwanza ukasema umeletwa na Wamakonde, maana wote si Watanzania?

Halafu kuna neno lenyewe. Roshani ni neno la Kiajemi lililozoeleka pwani, na Pangani, bandari ya misafara, haiko mbali na milima hii. Sisemi kwamba roshani za Mlalo zilipanda kutoka Pangani. Nasema tu kwamba anayetaka kuzitafutia asili nje ya Usambara ana njia mbili za kufuata, na moja ni fupi zaidi.

Swali langu hasa ni lingine, na linahusu siku ya kazi. Roshani ya mbao haibandikwi ukutani nyumba ikishaisha. Boriti za sakafu ya juu ndizo zinazotoka nje ya ukuta na kuibeba. Maana yake, kuta za chini zikifika usawa wa dari, lazima awepo mtu pale wa kusema: hizi boriti msizikate hapa, ziacheni zitokeze, na mlango wa juu utakuwa hapa, si pale. Akichelewa, ukuta unapanda, boriti zinafunikwa, na nyumba hiyo haitapata roshani tena bila kubomolewa. Mtu huyo ni nani?

Leo kazi hiyo ina jina. Anaitwa mbunifu wa mambo ya ndani, na Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada yake. Bahati mbaya, watu wengi wanamjua kama mtu wa mapazia na rangi, anayeitwa fundi akishaondoka. Ukweli ni kwamba sehemu ngumu ya kazi yake iko saiti, katikati ya vumbi, ramani mkononi. Anapima chumba kilivyojengwa, maana ukuta wa kwenye karatasi na ukuta wa mwashi havilingani kila mara. Anauliza kitanda kitakaa wapi kabla fundi umeme hajachimba ukuta wa soketi. Anakagua mlango utafungukia upande gani. Mbao zikiletwa anazigonga, anazishika, na zikiwa mbichi anazikataa. Seremala akisema "hii haiwezekani", anakaa naye chini watafute inayowezekana. Plasta ikishapita, sehemu kubwa ya madaraka yake imepita nayo.

Usambara wameijua kazi hii kabla ya kuwa na jina. Tazama nyumba ya jadi ya Kishambaa, ile ya msonge. Ukiangalia kutoka nje unaona nyasi tu. Ndani kuna moto, juu ya moto kuna dari, na juu ya dari mavuno yanakaushwa na moshi. Moshi huohuo unafukuza wadudu kwenye nyasi za paa. Nguzo zinazobeba dari zinachimbiwa ardhini pamoja na nyumba, kwa hiyo mahali pa moto panajulikana nyumba ikiwa bado mashimo na fito. Mwenye nyumba hawezi kuhamia kwanza ndipo afikirie jiko likae wapi.

Huko Vuga, makao makuu ya Wakilindi, nyumba ilikuwa na uzito kupita huo. Mfalme aliyetawala milima hii kwa muda mrefu hadi alipofariki mwaka 1862 anaitwa Kimweri ye Nyumbai. Nyumba imo ndani ya jina lake! Waliosoma *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi wanajua yaliyofuata: ugomvi wa watoto na wajukuu, Semboja akamfukuza Shekulwavu, kisha badala ya kuhamia Vuga akamweka mwanawe Kimweri Maguvu huko, yeye mwenyewe akabaki Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara na bunduki. Wanahistoria wanausoma uamuzi huo kama biashara na siasa, na wako sahihi. Mimi nasoma pia mtu aliyechagua nyumba nyingine. Krapf alifika Vuga mwaka 1848, Burton na Speke mwaka 1857, wakatuachia habari za mfalme. Aliyesimama na mafundi akaonyesha nguzo zichimbiwe wapi hakuachiwa hata jina.

Kisha Lushoto ikawa Wilhelmsthal, kwa heshima ya Kaisari. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na vifaa vikaanza kupanda mlima kwa urahisi zaidi. Baridi ya Lushoto mwezi Julai anaijua aliyelala huko na shuka moja, na mzungu wa wakati ule aliijibu kwa dohani. Hapo tunarudi kulekule. Dohani inaanzia kwenye msingi, inapanda na ukuta, inatoboa paa. Aliyeipanga ameshapanga viti vikae wapi, nani akae karibu na moto na nani akae mlangoni, miaka kabla kiti cha kwanza hakijaingia.

Na mbao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins & Wiese iliteremsha mierezi ya Shume, ile mitarakwa, kwa njia ya waya hadi Mkumbara kwenye reli. Picha za mradi ule zinasifiwa hadi leo, na kweli ni ajabu: magogo yananing'inia angani juu ya korongo. Lakini mbao ikishafika saiti haijali ilisafiri vipi. Ikipigwa misumari ikiwa mbichi itajikunja, mlango utakwama masika na kulegea kiangazi. Kuna mtu alilazimika kusema "subirini ikauke", huku mwenye mali akihesabu siku.

Sababu ya watu hawa kupotea ni kwamba maamuzi yao hayaandikwi. Ramani inabaki kwenye makabati, ina sahihi na muhuri, na mwenye ramani ndiye anayeingia kwenye historia. Neno lililosemwa juu ya jukwaa la miti, saa tano asubuhi, linabaki kwenye ukuta wenyewe. Ukuta ukianguka, na tofali za udongo zikikosa paa zima huwa zinaanguka, kumbukumbu yote imekwenda. Kwa hiyo mimi Mlalo naiona kama maktaba ambayo haina nakala ya pili, na nyumba ya bloku na bati inapochukua kiwanja cha nyumba ya roshani huwa sijui niwapongeze wenye nyumba au niwape pole. Paa jipya halivuji, hilo siwezi kubishana nalo.

Ila ukienda, usiishie kupiga picha barabarani. Omba ruhusa, ingia, simama chini ya roshani kisha tazama juu. Fuata boriti moja kwa macho, kutoka inapotokeza nje mpaka inapoingia chumbani. Kisha muulize mwenye nyumba nani aliijenga. Usishangae akianza na jina la babu yake.